Motere Iliyokunywa Kasiksi ya Wakwe

Wakati wetu, mtoto wa Butembo, kule mashariki mwa Kongo, alijua sauti ya motere kabla ya kujua kusoma. Asiyeamini na aulize mtu yeyote aliyekulia ile mitaa ya juu, ambako ukungu wa asubuhi haukuwa na haraka ya kuondoka na magari yalikohoa kabla ya jogoo kuwika. Wenzetu wa pwani wanasema injini. Sisi tulisema motere, tena kwa heshima, maana ndiyo iliyotulisha. Naandika hapa Kiswahili cha shule ili sote tuelewane, mais, yaani lakini, watu wangu nitawaacha waseme kama walivyosema. Koko wangu, bibi yangu, nikimvalisha Kiswahili sanifu atanicheka huko aliko.

Baba alikuwa na kamiyo, yaani lori, moja ndogo ya bluu, ya mazuti, ndiyo dizeli, silinda nne. Alipanda nayo milimani, Kipese na Alimbongo, kuchukua kabichi, karoti na viazi, akateremka nayo mpaka Beni kwenye joto, akarudi na mawese, mchele na ndizi. Alipoinunua ilikuwa imekwisha kuzeekea mikononi mwa wengine. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na kiti cha abiria kilikuwa na shimo ambalo sisi watoto tuligombania, kwa sababu ukikaa pale joto la motere lilikupanda miguuni kama vile umekaa jikoni.

Asubuhi za enzi hizo zilikuwa baridi kweli, si hii baridi ya siku hizi ya kuvaa koti kwa ajili ya picha. Mama alibandika sufuria mbili motoni. Moja ilikuwa ya chai ya mchaichai, nyingine ilikuwa ya radiateri, ile sahani ya mabomba membamba mbele ya gari ambamo maji huja kupozwa na upepo. Radiateri yetu ilivuja tone kwa tone usiku kucha, kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa na kiu, na Baba aliijaza maji ya vuguvugu ili motere iamke bila kununa. Sufuria ya radiateri ilikuwa na mkono uliokatika, na ole wako uipikie maharage.

Ikishawaka, hakuna aliyeruhusiwa kuharakisha. Baba alisimama kando, mikono mifukoni, akisikiliza. "Acha mafuta ipande kwanza," alisema kila siku, hata kwa watu waliokuwa wanamngoja na mizigo yao kichwani. Alitueleza kwamba usiku mafuta yote ya motere huteremka na kulala chini kwenye karteri, yaani lile bakuli la chuma lililo tumboni mwa gari. Juu vyuma vinabaki karibu vikavu. Ukikanyaga gesi papo hapo, vinasuguana uchi. Lazima pompi iyavute mafuta kutoka chini, iyapandishe mpaka kila pembe ipate lake, ndipo uondoke. Maneno hayohayo aliyatumia kwetu pia. Mtoto aliyeamka akipiga kelele aliambiwa aache mafuta ipande kwanza, na mimi mpaka leo usiniulize kitu kabla ya chai. Vijana wa sasa wanageuza ufunguo, wanapandisha muziki, na wamekwisha kufika kwenye rond-point, ule mzunguko wa katikati ya mji, kabla mafuta hayajapata habari kwamba kumekucha.

Lakini sikukuu yenyewe ilikuwa kiangazi, kabichi zilipopungua, Baba alipofungua motere uani. Nyinyi mliozaliwa kwenye nyumba za madereva mnaijua furaha ile. Mikeka yote ya nyumba ilitandikwa kutoka mlangoni hadi jikoni. Kila kipande kilichotolewa kiliwekwa kwa zamu yake, kilichotangulia kutoka kikae karibu na mlango, ili wakati wa kurudisha Baba arudi nyuma kama mtu anayefuata nyayo zake mwenyewe. Koko, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa polisi wa mikeka. Alikataza mtu kuruka kipande chochote, akasema kuruka chuma kilicholala ni sawa na kuruka miguu ya mgonjwa. Kuku walifungwa. Mama alizunguka nyuma ya nyumba kila alipotaka kuingia jikoni kwake mwenyewe, na siku za kwanza alizunguka akiimba, siku za mwisho alizunguka akinyamaza. Tulikula fufu na sombe, ugali na kisamvu cha kwetu, vyenye harufu ya mazuti, na tuliviona vitamu.

Hapo ndipo tulipojifunza. Baba alikuwa mkali, mais mbele ya motere iliyofunguliwa alikuwa mtu mwingine, anacheka peke yake. Alitupa pistoni tuishike, kile kikombe cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, akatuonyesha pete kilizovaa kiunoni: hizi za juu zinazuia moto usishuke, hii ya chini inakwangua mafuta yasipande. Alilala chini akatuonyesha ule mtaimbo mzito uliopindapinda, unaopokea kupanda na kushuka kwa pistoni na kuufanya mwendo huo uwe wa kuzunguka, mpaka magurudumu. Ndani ya mtaimbo ule mna vijitundu. Alituambia tuweke mdomo kwenye kimoja tupulize, na upepo wetu ulitokea tundu jingine mbali, ukatupiga kwenye kidole. Ndiyo njia ya mafuta. Siku hiyo watoto wote wa mtaa walirudi kwao na duara jeusi mdomoni, na mama zao walijua bila kuuliza walikotoka.

"Chuma hapana gusa chuma," alisema Baba. "Mafuta iko katikati. Siku bitagusana, njo kufa," yaani ndiyo kufa kwenyewe.

Na maji? Alitupigia mfano wa nyumba yenye kuta mbili. Silinda zimesimama ndani, moto unawaka ndani, na kati ya kuta hizo mbili maji yanapita bila kusimama, yanachukua joto, yanalipeleka mbele kwenye radiateri, upepo wa gari na wa feni unalipuliza, maji yanarudi yamepoa kuchukua jingine. Pompi ya maji na feni vyote vinavutwa na mkanda mmoja unaozungushwa na motere yenyewe. Motere ikizunguka, inajipoza. Ikisimama, nani atapoza?

Tukatengeneza mchezo. Watoto wanne wanasimama mstari mmoja, ndio pistoni. Wa kwanza na wa nne wanachuchumaa pamoja wakati wa pili na wa tatu wamesimama, halafu wanabadilishana, na kila mmoja anapiga neno lake: vuta, kamata, waka, tapika. Vuta ni kuvuta hewa, kamata ni kuibana, waka ni mazuti kuwaka, tapika ni kutoa moshi. Ugumu ni kwamba wakati mmoja anasema waka, mwingine yuko kwenye tapika, mwingine kwenye vuta, na neno la kuwaka lazima litembee kwa zamu ya kamiyo yetu: wa kwanza, wa tatu, wa nne, wa pili. Ukikosea, motere imekohoa, unatoka. Koko alikaa mbele yetu na lungo lake la kupepetea maharage, yeye ndiye feni. Aliposinzia tulianguka chini wote tukisema tumeungua, naye aliamka akitutukana kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, na kupepeta kwa nguvu. Nawaona watoto wa leo wakikimbiza magari ndani ya simu, gari linagonga ukuta, linapinduka, na baada ya kupepesa jicho liko zima tena. Hawajawahi kungoja chuma kipoe.

Shuleni mwalimu aliuliza moyo wa mtu unafanya kazi gani. Niliinua mkono nikajibu kwamba ni pompi ya mafuta, na mapafu ni radiateri. Darasa lilicheka mpaka masista wa upande wa pili wakachungulia. Mwalimu hakucheka. Alisema jibu si la kitabu, mais tuliache hapo.

Sasa nifike kwa kaka yangu Kasereka, maana bila yeye hadithi hii ingekuwa ya vyuma tu. Kasereka ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, na alipoanza kufuatana na Baba kupeleka kabichi Beni, alipenda msichana mmoja wa kule anayeitwa Masika. Baba yake Masika alikuwa mlimaji wa kakao, mtu wa maneno machache na macho mengi. Tulijua kwamba kaka anapenda kwa sababu alianza kuosha shingo. Alikuwa na aibu kama mbuzi mgeni. Mbele ya wasichana ulimi ulimkauka. Mama alijiuliza usiku na mchana alichokuwa anamwambia huyo Masika huko sokoni.

Familia zikaelewana siku ya kupeleka mbuzi na kasiksi. Kwetu huendi kwa wakwe mikono mitupu, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, lazima itengenezwe na mikono ya nyumba ya mwanamume, ifike bidoni, yale madumu ya plastiki, zimejaa, haijaguswa. Siku ya kwanza hatukufika: jwanti, ile gasketi iliyo kati ya kichwa cha motere na silinda, iliungua, maji yakaingia kwenye mafuta, mafuta yakageuka rangi ya chai ya maziwa, tukarudi nyumbani tukivutwa na gari la kabichi. Siku ya pili hatukufika pia: barabara ilifungwa na askari, wala hawakusema kwa nini. Baba yake Masika alituma neno. Alisema mtu anaweza kukosa mara moja kwa bahati mbaya, mara mbili kwa bahati mbaya zaidi, mais kuna mfanyabiashara mwingine anayemtaka Masika, ana gari jipya, na gari hilo halijui kuharibika. Tufike Jumamosi inayokuja, kabla ya jua kuinama. Baada ya hapo tusijisumbue tena.

Kasereka hakula wiki ile. Alikagua kila burungu, kila bolti ya motere, akabadilisha mafuta, akakaza mkanda, akalala chini ya gari mpaka Mama akampelekea blanketi. Koko alikamua ndizi zake mwenyewe, akachanganya na unga wa mtama, akazika, akasubiri, akaonja, akasema hii ni kasiksi ya kumleta mtu nyumbani. Bidoni za njano zilipangwa nyuma pamoja na mbuzi, Mama, shangazi wawili, Koko kwenye kiti cha miguu mifupi, na sisi watoto tuliovalishwa nguo za Pasaka. Nafasi ikawa ndogo. Baba akaamua bidoni za maji ya radiateri zibaki nyumbani. Alisema Beni ni karibu, na njia yenyewe inateremka zaidi kuliko inavyopanda.

Tuliondoka tukiimba. Nakumbuka vumbi, mikaratusi, harufu ya mbuzi na ya kasiksi iliyokuwa inapumua kwenye vifuniko. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopata kuishi mpaka hapo. Halafu ukaja mlima mrefu. Kiangazi kilikuwa kikali, gari lilikuwa zito, na motere ilipanda kwa gia ya kwanza ikilia, Baba akiinamia usukani kama anayesukuma kwa kifua. Kwenye kilele tukapiga makofi.

Na hapo Baba akafanya jambo ambalo kila dereva wa Butembo alilifanya, na mpaka leo wapo wanaolifanya. Alizima motere. Sisi watu wa Butembo hatuwezi kuona mteremko tukachoma mazuti bure. Mlima umeshatulipia, kwa nini tulipe tena? Gari linashuka lenyewe kwa uzito wake, kimya, upepo tu masikioni, na kule chini unaachia klachi motere inaamka yenyewe. Baba alikuwa anafanya hivyo miaka yote. Mais siku zote alikuwa akifika juu anaiacha kwanza ingurume polepole, ipumue, maji yazunguke na kupoa, ndipo anazima. Siku hiyo tulikuwa tumechelewa na jua halikutungoja. Alizima palepale kwenye kilele, motere ikiwa imeiva.

Kaka yangu, aliyekaa kando yake, alimtazama. Huku nyuma, sisi watoto wa ule mchezo tulitazamana pia. Mkanda umesimama, feni imesimama, pompi imesimama, maji yamesimama yakiwa yamekumbatia chuma chenye moto wa mlima mzima. Mdogo wetu akasema polepole, "Koko amesinzia." Koko alikuwa macho kabisa, akamuuliza kama ana wazimu.

Hatukufika nusu ya mteremko. Ulisikika mluzi, halafu mlio kama wa gunia la mchele linapopasuka, na wingu jeupe likafunika kioo. Maji yaliyosimama yalikuwa yamechemka, yakatafuta pa kutokea, na bomba la mpira la juu, lile linaloleta maji moto kwenye radiateri, likayafungulia. Baba alisimamisha gari kando ya barabara. Mbuzi mmoja tu ndiye aliyelia.

Bomba lenyewe halikuwa tatizo. Kasereka alikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, akalizungushia na kulifunga kwa kamba ya mpira uleule mpaka likawa kama mguu uliofungwa bendeji. Tatizo lilikuwa maji. Mto tuliusikia kule bondeni, ndani ya msitu, mais mwaka ule watu hawakushuka bondeni kwa hofu ya wenye silaha, na waliposhuka hawakushuka peke yao. Magari hayakupita. Jua lilikuwa limeshaanza safari yake ya upande wa pili. Kaka alikaa kwenye gurudumu akaficha uso kwa mikono yenye grisi, na nilipoona mabega yake nilijua kwamba Masika anakwenda kwa yule mwenye gari jipya. Niliogopa sana. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mkubwa wa kwetu analia.

Shangazi mmoja ndiye aliyezitazama bidoni za njano kwanza, akayaondoa macho haraka kama aliyekutwa anaiba. Baba akazitazama. Akamtazama mama yake. Hakuthubutu kuuliza. Kumimina kinywaji cha wakwe kwenye chuma, na chenyewe kimekamuliwa na mikono ya mama yako, hilo jambo hakuna aliyewahi kulisikia.

Koko aliteremshwa kutoka juu ya gari. Alikwenda mpaka kwa Kasereka, akamshika kichwa. Kisha akasema:

"Mwangeni. Kasiksi, nitapika ingine. Masika ule, hakuna mutu anajua kumupika."

Basi tukangoja motere ipoe, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko misa ya Pasaka. Shangazi yule alitoa kitambaa chake cha kichwa, kipya, wakaikamulia kasiksi humo ili machicha yasizibe yale mabomba membamba. Motere ikawashwa ingurume polepole, na Baba akamimina kidogo kidogo, uso umegeukia pembeni. Ilinyonya bidoni ya kwanza, ikanyonya ya pili. Mbuzi walilamba iliyomwagika chini na mmoja wao akakataa kupanda gari, akataka kukumbatiwa.

Tuliteremka Beni na motere ikiwaka mwanzo hadi mwisho, mteremko au si mteremko. Povu lilitoka kwenye kifuniko cha radiateri, likapeperushwa na upepo, likatuangukia nyuma. Barabara nzima ilinuka uji wa ndizi ulioungua. Watu wa kando ya njia walinusa, wakageuka, wakanusa tena. Kadiri tulivyoshuka, joto lilipanda, na tuliwavua shangazi makoti moja moja mpaka wakabaki na vitenge vyao vya sherehe vyenye madoa ya povu.

Jua lilikuwa linaanza kuinama tulipoingia uani kwa wakwe. Wazee walikuwa wamekaa tayari. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, Masika yuko ndani, kwa sababu msichana haonekani mpaka aitwe, na akiitwa anaulizwa mbele ya wote kama anawajua wageni hawa. Akikubali, mambo yanaendelea. Akinyamaza, mnarudi na mbuzi wenu.

Baba yake Masika alihesabu mbuzi kwa macho, akatafuta bidoni, akaona iliyobaki ni moja. Akauliza kasiksi iko wapi. Baba yangu, ambaye angeweza kuongea juu ya radiateri mpaka usiku, aligeuka akamtazama mama yake. Koko akamweleza baba yake Masika yote kwa Kinande, bila kupunguza, bila kuomba huruma. Mzee yule akaenda mpaka mbele ya gari. Povu lilikuwa linadondoka chini, chap, chap. Alinusa. Akageuka kwa wazee wenzake akasema kwamba kumbe kwa watu wa Butembo chuma kinakunywa mbele ya wakwe. Minong'ono ikaanza. Mjomba mmoja akasema kwa sauti kwamba yule mwenye gari jipya bado hajaondoka mjini. Kasereka alisimama kando ya motere kama mtu anayengoja kusomewa hukumu, na motere yenyewe ikaanza kupiga mluzi tena.

Mlango wa chumba ukafunguka. Masika alitoka na ndoo ya maji kichwani, kabla ya kuitwa, kabla ya kuvalishwa, miguu mitupu. Shangazi zake walimfuata wakimvuta kitenge, hakusimama. Alipita katikati ya wazee, akaweka ndoo mbele ya radiateri, na hakumimina. Akamtazama kaka yangu.

"Washa kwanza," alisema. "Maji ya baridi itaipasula."

Hapo ndipo Mama alipopata jibu la swali lake la usiku na mchana. Miezi yote ile, kule sokoni kati ya kabichi, Kasereka alikuwa anamsimulia msichana wa watu motere. Na msichana alikuwa anasikiliza.

Kaka aliwasha. Masika alimimina maji polepole, kidogo kidogo, mpaka mluzi ukanyamaza. Baba yake akarudi kwenye kiti chake, akakaa.

"Tulipaswa kumuuliza kama anabajua," akawaambia wazee. "Sasa tumuulize nini?"

Tulilipa amende, ile faini, bien sûr, hakuna shaka, maana kwetu upande wa mwanamume hauachiwi kosa. Wazee waliamua kwamba mwenye kosa ni gari, kwa hiyo gari lilipe kuku. Baba alilipa kwa niaba yake akicheka huku anajifuta macho. Kasiksi iliyobaki ilipita kwa vikombe vidogo, na wote walikubali kwamba ni nzuri, na ni huzuni kuwa ni kidogo.

Motere ilikaa kiangazi kizima ikinuka ndizi. Baba alipoifungua alikuta sukari imeganda kwenye kuta zote za njia za maji, nyeusi kama lami, na sisi watoto tuliikwangua kwa vijiti na kuisuuza kwa maji moto ya majivu, nyuki wakituzunguka. Hakuzima tena motere kwenye mteremko. Kama alizima, sisi hatukuwemo.

Leo Baba na Koko hawapo, na kamiyo ile iliuzwa vipande vipande. Unafungua boneti ya gari la siku hizi unakuta mfuniko wa plastiki, safi, umefungwa, kama sahani ya hotelini. Fundi anachomeka mashine na mashine inamwambia. Wapwa zangu wanaendesha pikipiki mpaka inakwama, ndipo wanauliza kama nayo inawekwaga mafuta. Na barabara ya Beni hatuwapandishi tena watoto na koko nyuma ya gari waimbe. Tunapiga simu kwanza kuuliza nani amepita na ameona nini. Nikiifikiria barabara ile na makofi yetu pale kileleni, moyo unaniuma, siwafichi.

Kiangazi hiki Kasereka na Masika walipokea wageni, maana binti yao mkubwa ameposwa na kijana wa Beni. Walifika kabla ya saa, kwenye gari lenye baridi ndani, wamevaa kitambaa kimoja wote, na kreti za bia zimefungwa vizuri kutoka kiwandani. Hakuna kilichopungua. Binti aliulizwa kama anawajua, akatabasamu mbele ya simu zote zilizoinuliwa, akasema ndiyo. Kabla jua halijainama walikuwa wameshaaga.

Nilibaki na Masika jikoni tukiosha sahani. Mvi zimemjaa sasa, na bado anatembea miguu mitupu nyumbani kwake. Nikamwambia amepata wakwe wazuri, watu wa adabu, tumshukuru Mungu.

"Ni batu bazuri," akasema. "Mais hakuna kitu imebaharibikia mbele yetu. Sasa tutabajua namna gani?"